Kukodi yoti ya injini yenye mabaharia wake kwenda Pemba mwezi wa Agosti: tuangalie nini?

Mkaazi wa Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Ami yangu anayeishi Maskati amenipa dhamana ya kumtafutia yoti ya injini ya kukodi, yenye nahodha, mpishi na mabaharia wake, kwa mapumziko ya siku saba katika wiki ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Watakuwa watu kumi: bibi yetu mwenye umri wa miaka 76, ami na mkewe, watoto wao wawili pamoja na wenza wao, na wajukuu watatu ambao mdogo wao ana miaka minne. Ami alihama Wete akiwa kijana. Anachokitaka zaidi ni kumrejesha mama yake Pemba kwa njia ya bahari, walale karibu na kisiwa cha Misali, wapite Mlango wa Njao, njia ya maji baina ya visiwa, na watie nanga mbele ya Wete, ambako jamaa zetu watakuwa wanawasubiri.

Dalali ameniletea vyombo viwili. Cha kwanza kina urefu wa mita 24, kimeundwa mwaka 2019, kinakwenda noti 22 (yaani maili 22 za baharini kwa saa), kina vyumba vitano na wafanyakazi wanne. Bei yake ni Dola 45,000 kwa wiki, na matumizi ni juu ya mkodishwaji. Cha pili kina urefu wa mita 26, kimeundwa mwaka 2004 na kukarabatiwa baadaye, hakizidi noti 10, nacho kina vyumba vitano na wafanyakazi sita. Bei yake ni Dola 58,000, ndani yake mkiwa na chakula pamoja na mafuta ya saa 20 za safari. Picha za kile cha kwanza zinavutia sana na vijana wamekwishakichagua. Mimi binafsi bahari naijua kwa kupanda boti ya abiria tu, na nisingependa kumwekea ami saini kwa kutegemea picha. Nimeruhusiwa kuvitembelea vyote viwili wiki ijayo. Je, nikifika chomboni nitazame nini, na nimuulize nini nahodha? Na je, hiyo tofauti ya mwendo ina uzito kiasi gani?

Nahodha mstaafu, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeuliza mambo ya chombo kabla ya mambo ya upepo, na mimi nitaanza na upepo, kwa sababu Agosti ni kusi.

Kutoka Mjini Unguja hadi Misali ni takriban maili 60 za baharini. Mpaka Nungwi mtakuwa mmekingwa na kisiwa chenyewe, na hata mtoto wa miaka minne atakula biskuti zake bila ya tabu. Mkishaipita Ras Nungwi kinga hiyo inakwisha: bahari ya kusi inakuja wazi kutoka kusini-mashariki na kukupigeni ubavuni, mpaka mtakapoingia upande wa magharibi wa Pemba, ambako maji hutulia tena. Hiyo ndiyo safari ya kwenda, nayo ndiyo nyepesi, kwa kuwa mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini na utakusukumeni. Wakati wa kurudi mtakuwa mnaukabili mkondo huo huo pamoja na mawimbi yanayopiga omo, yaani mbele ya chombo, upande wa kushoto. Nimewaona watu wazima wenye afya zao wakilala sakafuni katika kipande hicho, na hapo ndipo noti 22 za kwenye karatasi hupotea, kwa sababu hakuna nahodha mwenye huruma atakayekiendesha chombo chepesi kwa mwendo huo juu ya bahari ya Agosti huku kikongwe amekaa ndani. Atapunguza mpaka noti 12 au pungufu, na mtakuwa mmelipia mwendo msioutumia.

Jambo la pili, ambalo wakodishaji wengi hawaliulizi, ni kwamba katika siku saba chombo kitatembea pengine saa 20 tu. Saa zote zilizobaki kitakuwa kimetia nanga. Kwa hiyo chagua chombo kinachojua kulala. Ninalisema hili kwa sababu ya usiku mmoja niliokuwa kazini magharibi ya Misali, katika yoti nzuri ya kung'aa ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, na mkondo ulikuwa na nguvu kuliko upepo, kwa hiyo chombo kilielekeza omo kwenye mkondo badala ya kuuelekea upepo, na viwimbi vikawa vinakipiga ubavuni usiku kucha. Vikombe viligongana kabatini hadi alfajiri. Upepo nao ulikuwa ukiurejesha moshi wa jenereta tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye madirisha ya chumba cha wageni waliolipa zaidi kuliko wote. Saa tisa za usiku bwana mkubwa alipanda juu na mto wake mkononi, akalala kwenye kiti cha sitahani. Chombo kilikuwa kizima na injini zake nzima, lakini kwa mahali pale na maji yale hakikufaa kulaza watu, na aliyekikodi hakuwa amekiuliza yeyote juu ya nanga.

Muulize nahodha anatia nanga wapi Misali, na msikilize anavyojibu. Mjuzi atakutajia mchanga na atakutajia maji. Bamvu letu hufikia takriban mita nne baina ya kujaa na kupwa, kwa hiyo aliyetia nanga kwenye kina cha mita 10 maji yakiwa yamepwa atajikuta kwenye mita 13 au 14 yakijaa, na mnyororo uliotosha adhuhuri hautoshi usiku. Atakutajia pia matumbawe, kwa sababu Misali imo katika eneo la hifadhi ya Mkondo wa Pemba, na wavuvi wenye madago yao pale hawatampenda anayeburura mnyororo juu ya miamba inayowalisha. Kama jibu lake ni kwamba mashine itaonyesha, ahsante, rudi nyumbani.

Kuhusu bibi, mpeleke Pemba kwa ndege. Ni kama nusu saa kutoka Unguja mpaka Chake Chake, na chombo kitangulie bila yeye, akipande Mkoani. Hata hivyo gati la Mkoani maji yakipwa ni refu kwa magoti ya miaka 76, kwa hiyo pangeni saa ya kupanda kwa kutazama jedwali la maji.

Fundi wa injini, Mtoni

Nakubaliana na mzee wangu wa Wete katika mengi, lakini nisingependa chombo cha kwanza kihukumiwe kwa mwendo wake peke yake. Boti yenye tumbo bapa inayopanda juu ya maji hutumia mafuta mengi ikiwa kwenye mbio, na ikipunguzwa mwendo matumizi yake hushuka sana. Tatizo lake ni kwamba kwa mwendo mdogo, bahari ikiwa inatoka nyuma, tezi yake pana husukumwa huku na huku na usukani wake mdogo hauishiki vizuri. Chombo cha pili, kama kweli ni cha mwendo wa noti 10, kitakuwa na tumbo la mviringo linalokata maji badala ya kuyapanda. Kitakwenda sawa, lakini tumbo hilo bila ya kitulizo huyumba kama pipa. Kwa hiyo swali lako kwa vyombo vyote viwili liwe juu ya kitulizo hicho, yaani stabilaiza.

Ziko za aina mbili kuu. Za mapezi hutokeza ubavuni chini ya maji na hufanya kazi chombo kikiwa kinatembea; baadhi ya mapya yameundwa kufanya kazi hata chombo kikiwa kimesimama, lakini mengi ya zamani hayawezi. Nyingine ni jairo, gurudumu zito linalozunguka kwa kasi ndani ya kasha lake, ambalo hutuliza hata kwenye nanga, isipokuwa linahitaji umeme na huchukua muda kufikia mwendo wake. Usikubali kuambiwa kwamba chombo kina stabilaiza, basi. Uliza kama inafanya kazi kwenye nanga, kisha omba iwashwe mbele yako.

Uliza pia idadi ya jenereta. Kwa vyombo vya aina hii viyoyozi, jiko, friji na mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa matamu vyote vinategemea jenereta, na watu kumi pamoja na wafanyakazi sita hutumia maji mengi. Mwenye jenereta moja akiharibikiwa karibu na kisiwa cha Fundo, likizo imekwisha. Ingia chumba cha injini, uinamie ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na kitambaa cheupe mkononi, upanguse chini ya injini. Mafuta mabichi chini ya injini yanaeleza habari ambayo vyeti havielezi. Kuundwa mwaka 2004 hakunitishi hata kidogo kama daftari la matengenezo limejazwa kwa mkono wa mtu mmoja mwenye utaratibu, saa kwa saa. Kipya kisicho na daftari kinanitisha zaidi.

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Waombe wakupe lita kwa saa. Chombo kinachotumia lita 340 kwa saa kwenye noti 22 kitamaliza zaidi ya lita 920 kufika Misali, na kinachotumia lita 75 kwa saa kwenye noti 10 kitatumia 450. Na kijazwe Unguja kabla ya kung'oa nanga. Mimi nisingetegemea kujaza kiasi kikubwa Pemba.

Mpishi wa chomboni

Kaka yangu, watu hukodi chombo, lakini wanaoishi nao kwa siku saba ni wafanyakazi, na kwa hao wanne wa chombo cha kwanza mimi nina wasiwasi. Nahodha mmoja, fundi mmoja, mpishi mmoja, na mmoja ambaye atakuwa baharia na mhudumu kwa pamoja. Wageni kumi wanaamka kwa nyakati tofauti, watoto wanataka kushushwa kwenye dingi, ile mashua ndogo ya chombo, kwenda kuogelea, bibi anataka chai, na usiku lazima mtu akae zamu ya nanga. Watu wanne hawawezi kuyafanya hayo kwa siku saba bila ya mmoja wao kusinzia, na mara nyingi anayesinzia ni yule wa zamu. Waulize nani anakaa macho saa nane za usiku. Waulize pia wamefanya kazi pamoja kwa muda gani, kwa sababu nahodha na mpishi waliokutana bandarini juzi hugombana kufikia siku ya tatu, na wageni husikia kila neno.

Katika jiko, usiridhike na neno halali kwenye karatasi. Chombo ambacho wiki iliyotangulia kilikuwa na wageni wengine huenda friji yake na visu vyake vimetumika kwa vitu ambavyo bibi yako hatavitia mdomoni. Mwambie mpishi mapema, kwa maandishi, na umwombe akuonyeshe mbao za kukatia nyama na mahali pa kuhifadhi. Mpishi mzuri hatachukia. Mimi huwashukuru wanaoniuliza, maana hunipa nafasi ya kupanga. Mpe na orodha ya wanavyokula nyumbani kwao, kwa sababu mtoto wa miaka minne akiwa baharini hakubali chakula kigeni, na wali wa nazi na samaki wa kukaanga huokoa siku nyingi. Pweza na samaki mtavipata kwa wavuvi wenyewe. Ndizi, ndimu na mboga zichukuliwe Chake Chake au Wete mara mbili katika wiki kuliko kuzijaza zote siku ya kwanza.

Na ngazi! Katika yoti nyingi za ukubwa huo vyumba viko chini ya sitaha, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama. Shuka mwenyewe, mikono yako ikiwa mitupu, kisha ujiulize kama bibi anaweza kuipanda saa kumi za usiku anapotaka kutawadha. Tazama kizingiti cha bafu na kama pana kishikio ukutani. Kama chombo kina chumba kwenye sitaha kuu, hicho kiwe chake hata kama ndicho chumba cha heshima kilichokusudiwa kwa ami yako. Najua ami yako hatakataa.

Mkaazi wa Malindi

Nawashukuru nyote, na hasa wewe mzee wangu. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, bei ya chombo cha kwanza iko chini kwa Dola 13,000, na ami ameniuliza kwa nini tusiichukue nafuu hiyo. La pili, binamu zetu wa Wete, kama watu wanane, wanataka kupanda chomboni kwa chakula cha mchana na pengine kwenda nao Misali na kurudi.

Mwandishi wa mikataba, Mjini

Nafuu hiyo haipo, ndugu yangu. Pale bei inapoandikwa kwamba matumizi ni juu ya mkodishwaji, utatakiwa kuweka mapema fedha za matumizi, ambazo madalali huziita APA, na kwa yoti za injini huwa kiasi cha asilimia 25 hadi 35 ya bei ya kukodi. Chukua asilimia 30 ya Dola 45,000: ni Dola 13,500, na jumla yako ni Dola 58,500. Fedha hizo nahodha huzitumia kwa mafuta, chakula, ada za bandari na za hifadhi, huku akiweka risiti, na kinachobaki hurejeshwa mwisho wa safari; fedha zikipungua, mnaongeza. Hakuna ubaya katika utaratibu huo kama nahodha ni mwaminifu wa hesabu, lakini bei hizo mbili zisilinganishwe kama kwamba ni za kitu kimoja. Kwa chombo cha pili, hakikisha imeandikwa ni kiasi gani kitalipwa kwa kila saa itakayozidi zile 20, na kama saa za jenereta zinahesabiwa ndani yake. Hapa ndipo ugomvi huzaliwa.

Bakshishi ya wafanyakazi haimo katika bei yoyote kati ya hizo. Desturi hutofautiana, lakini asilimia 5 hadi 15 ya bei ya kukodi ni ya kawaida, nayo hukabidhiwa nahodha awagawie wenziwe.

Kuhusu binamu zako, sitalainisha maneno. Chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa kuwa meli ya abiria, na ndiyo maana karibu kila yoti ya kukodi ina kikomo cha wageni 12, hata iwe kubwa namna gani. Watu wenu kumi wakiongezwa wanane ni 18. Kwenda nao Misali haiwezekani, na nahodha atakayekubali kwa sababu ya urafiki au bakshishi ni nahodha wa kumkimbia. Sisi wa visiwa hivi tuliozika watu wetu baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 2011 karibu na Nungwi, na tuliokwenda tena makaburini mwaka uliofuata baada ya MV Skagit, hatuna haja ya kuelezwa kwa nini idadi ya watu chomboni ni jambo la roho za watu. Kama watapanda kwa chakula cha mchana chombo kikiwa kwenye nanga, ombeni ruhusa ya nahodha na ya kampuni ya bima kwa maandishi. Njia iliyo bora ni wageni kushuka Wete na karamu kufanyika nyumbani.

Kabla ya saini, omba kuona cheti cha usalama wa chombo kinachotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ruhusa ya biashara ya utalii, vyeti vya nahodha na fundi, na bima inayotaja wazi shughuli ya kukodisha, kwa sababu bima ya matumizi binafsi ya mwenye chombo haitawalinda wageni wanaolipa. Soma kifungu cha kuvunja mkataba neno kwa neno. Kwa kawaida nusu ya bei hulipwa wakati wa saini na nusu iliyobaki kama mwezi mmoja kabla ya safari. Hakikisheni fedha zinakwenda kwenye akaunti iliyotajwa katika mkataba na si ya mtu mmoja.

Mkaazi wa Malindi

Nimevitembelea vyote viwili, na naona ni wajibu wangu kukuelezeni.

Katika chombo cha kwanza fundi hakuwepo, na aliyenipokea alisema stabilaiza ni za mapezi na kwamba kwenye nanga hazifanyi kazi. Nilipouliza zamu ya usiku aliniambia kwamba bandarini hapana haja. Vyumba vyote vitano viko chini.

Katika chombo cha pili nahodha mwenyewe alinishusha ngama. Nilipangusa kwa leso kama nilivyoelekezwa, na leso ikatoka na vumbi tu. Daftari la jenereta zote mbili limejazwa mpaka siku iliyotangulia. Kisha nikamwomba azime injini na kuacha jenereta moja, nikaingia chumba cha sitaha kuu ambacho nakikusudia kwa bibi, nikaweka bilauri ya maji juu ya meza ndogo ya kitanda na kukaa kwa dakika kumi. Boti ya abiria ilipoingia bandarini mawimbi yake yalitufikia; maji yaliinama kidogo ndani ya bilauri, yakatulia. Mlio wa jenereta niliusikia, lakini chini ya sauti ya mtu anayezungumza. Jairo aliiwasha tangu nilipofika, akaniambia mapema kwamba itahitaji muda. Nilipomuuliza kuhusu Misali alinitajia mchanga kabla ya kitu kingine chochote, na akaniuliza mwezi utakuwa na siku ngapi wiki hiyo.

Ami amekubali chombo cha pili. Bibi alikataa ndege mwanzoni, akisema kwamba aliondoka Wete kwa bahari na ataingia Wete kwa bahari. Tumekubaliana naye kwamba ataruka mpaka Chake Chake, atapanda chomboni Mkoani, atalala usiku wa kwanza Misali, na siku inayofuata ataingia Wete kutoka baharini kama alivyotaka. Kurudi Unguja atarudi kwa ndege. Mzee wangu, je, Mlango wa Njao tuupite saa ngapi?

Nahodha mstaafu, Wete

Jua likiwa juu, baina ya saa nne na saa nane mchana, ili miamba ionekane kwa rangi ya maji, na maji yawe yanajaa ili chombo kikigusa mchanga kiinuliwe tena. Chombo chenu cha pili bila shaka kimezama chini zaidi kuliko cha kwanza. Muulize nahodha chombo kimezama mita ngapi, na akiwa hapajui mahali pale achukue rubani wa Wete. Na siku ya chombo kurudi Unguja ang'oe nanga kabla ya alfajiri, kusi likiwa bado limelala. Mwambieni bibi akae omo wakati wa kuingia, upande wa kulia, ndiko atakakouona mji kwanza.